Sindano na Uzi katika Ushirika



Bodi ilipotuagiza tuandike sura ya historia kwa ajili ya kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya chama chetu kikuu, wengi walidhani kwamba tutaandika habari za mizani, za magari na za maghala. Habari hizo zina kurasa zake humu, na wanaozijua kuliko sisi wamekwisha kuziandika vizuri. Sisi tumechagua chombo kidogo kuliko vyote vilivyomo katika hesabu ya mali ya chama, nacho ni sindano. Tunayo sababu ya kukichagua.

Katika mkutano mkuu uliopita, kikundi cha akina mama wanaoshona nguo na kutengeneza wanasesere kilileta maombi mawili. La kwanza, kipewe chumba kile kidogo kilicho ubavuni mwa ghala, ambamo huwekwa magunia matupu. La pili, wanakikundi waandikwe katika madaftari ya vyama vyao vya msingi kwa majina yao wenyewe. Ndipo mzee mmoja mjumbe, ambaye sote twamheshimu kwa kazi aliyoifanyia pamba ya nchi hii, akasimama akauliza: "Ndugu Mwenyekiti, hivi mwanasesere ana kilo ngapi?" Ukumbi mzima ukacheka, na sisi tukacheka pia. Shauri likaahirishwa mpaka mkutano ujao.

Lakini kicheko si jibu. Swali la mzee lilikuwa swali la haki, kwa kuwa ghala lile lilijengwa kwa jasho la wakulima, na kila mwenye kuomba sehemu yake yampasa aeleze ana uhusiano gani na pamba. Basi makala haya ni jaribio letu la kulijibu, na twaomba yasomwe kabla ya mkutano.

UZI WA KALE

Wako wanaodhani kwamba watu wa Afrika Mashariki walianza kujua habari za nguo siku walipoletewa na wageni. Sivyo. Katika magofu ya Kilwa, wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota vigurudumu vidogo vya udongo vilivyotobolewa katikati, ambavyo wasokotaji wa uzi walivitia katika vijiti vyao ili vizunguke kwa uzito ulio sawa. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa katika mji huo zilipelekwa mpaka Misri. Na huku bara, Wafipa waliokaa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa walikuwa wafumaji hodari wa nguo nzito za pamba, pamba waliyoilima wenyewe.

Iko habari moja inayotupendeza kuliko nyingine. Mreno mmoja aliyeitwa Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, asimulia habari za watu wa Sofala, katika pwani ya nchi ambayo leo ni Msumbiji. Watu hao walifuma nguo nyeupe za pamba, lakini hawakuwa na rangi za kuzitia. Walifanyaje? Walinunua nguo za rangi kutoka Cambay, huko Bara Hindi, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Mtu aketiye akaifumua nguo nzima ya dukani ili apate uzi wa rangi aitakayo, hakosi akili wala subira. Hakosi pia ubunifu, yaani uwezo wa kuona katika kitu kilichopo kitu ambacho bado hakijakuwapo.

Mbona basi ufumaji ule ulififia? Mwaka 1833 Seyyid Said, aliyetawala Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Merikebu za Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, zikaleta nguo ngumu nyeupe iliyofumwa kwa mashine, na watu wakaiita merikani, jina ambalo wazee wetu walilijua sana. Merikani ikaingia kila njia ya misafara. Ikawa ni vazi na ikawa ni fedha. Hata vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipoipunguza nguo hiyo, pengo lilizibwa na nguo za viwanda vya Uingereza na Bara Hindi. Mfumaji wa kwetu hakushindwa kwa uvivu. Alishindwa kwa bei, kwa sababu alisimama peke yake mbele ya mashine na mtaji wa watu wengi waliokusanyika. Jambo hilo wanaushirika yafaa walikumbuke.

Hata hivyo mkono haukufa. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso, vitambaa vya mraba vilivyopigwa chapa, wakakata vipande sita na kuvishona pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana ambayo duka lolote halikuwa nayo. Wafanyabiashara walipoiona, wakaagiza nguo iliyokwisha kupigwa chapa kwa upana huo. Hivyo ndivyo tulivyopata kanga. Angalieni mpangilio wa mambo: kwanza sindano ya mwanamke, kisha ndipo kiwanda. Leo kiwanda kina sifa, na sindano imesahauliwa.

MWANA WA MTI

Ama wanasesere, wengi hudhani ni mchezo tu wa watoto. Lakini kwa Wazaramo wa pwani yetu, mwana hiti ni jambo la watu wazima. Ni sanamu ndogo ya mti, na pengine hutengenezwa kwa kibuyu au gunzi la hindi. Mwili wake ni mviringo, hana mikono wala miguu, na kichwani ana nywele zilizosukwa zikasimama mafungu mawili. Zamani msichana alipovunja ungo akatiwa ndani, alipewa mwana hiti amtunze: amwogeshe, ampake mafuta, amtengeneze nywele kama mtoto wake wa kuzaa. Kwa mwanasesere huyo alijifunza kazi na heshima ya mama kabla ya kukabidhiwa mtoto wa kweli. Leo sanamu hizo zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya nchi za mbali, nyuma ya vioo, na watu hulipa ili wazitazame.

Na sisi sote, nani asiyewahi kuona mtoto wa kike akifunga gunzi la hindi mgongoni kwa kitambaa, akilibembeleza? Mwanasesere ni kitabu cha kwanza cha asiyejua kusoma. Mtu akikicheka kitabu hicho, acheke kwa kiasi.

WAFUMAJI WA ROCHDALE

Kila mwanachama aliyehudhuria semina zetu amelisikia jina la Rochdale, mji wa Uingereza ambako ushirika wa namna tuujuao ulianza. Lakini si wote wanaokumbuka kwamba mji huo ulikuwa mji wa nguo, na kwamba wengi katika waanzilishi wale walikuwa wafumaji na mafundi wa kazi zinazofanana nayo. Viwanda vilikuwa vimewashusha mishahara. Walidai nyongeza, madai yao yakashindwa. Hapo ndipo watu 28 walipokubaliana kuchanga pauni moja kila mtu, tena kwa senti chache kila juma, na tarehe 21 Desemba mwaka 1844 wakafungua duka katika njia iitwayo Toad Lane. Bidhaa zao zilikuwa unga, siagi, sukari na vitu vichache vingine. Majirani waliwacheka. Basi kucheka mwanzo mdogo ni desturi ya kale sana katika historia ya ushirika.

Lakini hata ushirika wenyewe ulikuwa na upofu wake. Karibu miaka 40 baadaye, mwaka 1883, gazeti la ushirika la Uingereza lilitenga sehemu kwa ajili ya wanawake, ikiongozwa na mama mmoja, Alice Acland. Mama huyo aliuliza kwa nini wanaume huitwa waje wapige kura, washauri na waongoze, ilhali wanawake huitwa waje wanunue tu. Katika mwaka ule ule kikazaliwa chama cha wanawake wa ushirika, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Women's Co-operative Guild. Mwanzo wake ulikuwa wa unyenyekevu: wanawake walikusanyika, wakashona, wakasomeana, wakazungumza.

Walifika wapi? Chini ya katibu wao Margaret Llewelyn Davies, aliyeshika kazi hiyo tangu mwaka 1889 hadi 1921, wanawake wale walishindania fedha za uzazi zitiwe katika sheria ya bima ya taifa ya mwaka 1911, nazo zikatiwa. Kisha wakaona kwamba fedha hizo zaweza kuishia mkononi mwa mume, wakasimama tena, na mwaka 1913 sheria ikarekebishwa ili fedha za uzazi ziwe mali ya mama mwenyewe. Walianza na sindano mkononi, wakamaliza na sheria ya nchi. Wala ushirika wa Uingereza haukuvunjika kwa sababu hiyo, ulipata nguvu.

WAKULIMA WA PAMBA WA ALABAMA

Sasa twende katika nchi nyingine, kwa watu ambao maisha yao yakaribiana zaidi na yetu. Katika jimbo la Alabama, Marekani, mto Alabama hujipinda ukazunguka ardhi moja iitwayo Gee's Bend. Wakazi wake ni watu weusi, wajukuu wa watumwa waliolimishwa pamba katika shamba kubwa la mahali pale. Utumwa ulipokwisha waliendelea kulima pamba ile ile, lakini kwa kukodi ardhi na kukopa mbegu, chakula na zana kwa mfanyabiashara. Mwaka 1932, wakati bei ya pamba ilipokuwa imeanguka vibaya, mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alikuwa amefariki, na mjane wake akadai madeni yote. Familia kama 60 zilinyang'anywa mifugo, majembe, mikokoteni na hata akiba ya mahindi. Mkulima wa pamba asiye na chama hufanana na kuku aliyefungwa mguu mmoja: hutembea, lakini mwenye kamba ndiye ajuaye mwisho wa safari.

Wanawake wa huko, kwa sababu ya baridi kali na nyumba zenye nyufa, walikuwa wakishona mifarishi, yaani matandiko mazito ya viraka yenye pamba katikati. Hawakuwa na fedha za kununua kitambaa. Walitumia suruali na mashati ya shambani yaliyochakaa, na magunia ya unga na ya mbolea. Mwaka 1942 mama mmoja, Missouri Pettway, alipofiwa na mumewe, alizichukua nguo zake za kazi akazishona mfarishi, apate kumkumbuka na kujifunika kwa upendo wake. Magoti ya suruali yaliyopauka kwa kupiga magoti shambani yaonekana hata leo katika viraka vile.

Ilipofika miaka ya 1960, watu weusi wa sehemu hizo walidai haki ya kupiga kura. Waliojiandikisha walifukuzwa katika ardhi waliyokodi. Mwaka 1965 kasisi mmoja, Francis X. Walter, akipita katika wilaya ile, aliiona mifarishi imeanikwa kwenye kamba, akawaza kwamba mikono hiyo yaweza kuwalisha wenyewe. Mwezi Machi mwaka 1966 wanawake wale waliunda chama chao cha ushirika, wakakiita Freedom Quilting Bee, na mifarishi yao ikauzwa kwa mnada New York. Meneja wao, Estelle Witherspoon, alikuwa mke wa mkulima kama walivyo mama zetu. Chama kikanunua ardhi, na sehemu ya ardhi hiyo ikauzwa kwa familia zilizokuwa zimefukuzwa kwa ajili ya kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1969 wakafungua jengo lao la kushonea. Katika miaka ya 1970 walikuwa wakishona foronya za mito kwa ajili ya kampuni kubwa ya maduka.

Ila lazima tuseme na upande wa pili, kwa kuwa historia isiyotaja hasara ni tangazo tu. Maduka makubwa yalitaka kila kitu kiwe sawasawa: rangi moja, kipimo kimoja, mshono mmoja. Mwanamke aliyezoea kupanga viraka kama moyo wake ulivyomtuma alitakiwa sasa anakili mfano. Maagizo yalipopungua, na washonaji wa kwanza walipozeeka, chama kilidhoofika, na mwaka 2012 kikafunga milango. Ajabu ni kwamba mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend, ile ya kale iliyoshonwa kwa ajili ya vitanda vya nyumbani, ilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston na kisha New York, na mabingwa wa sanaa wakaishangaa. Kilichosifiwa mwisho ni kile kile ambacho maduka yalikikataa mwanzo, yaani kila mkono na shauri lake.

Twapata hapo mafunzo mawili. La kwanza, sindano ikiwa ndani ya ushirika yaweza kununua ardhi. La pili, chama cha kazi za mikono kikiacha ubunifu wa mwanachama mmoja mmoja, kimeacha mtaji wake.

PAMBA YETU

Turudi nyumbani. Hapana haja ya kuwasimulia wakulima wa Usukumani jinsi babu zao walivyopunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wala jinsi walivyodai kuweka watu wao wenyewe wa kuangalia upimaji. Kutokana na madai hayo vikazaliwa vyama vya wakulima, na mwaka 1955 vyama vikuu vya pamba vikaungana katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Lilikuwa ni fahari ya Tanganyika. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu. Mwaka 1982 sheria mpya ikaviruhusu kurudi. Waliokuwa watu wazima wakati ule wajua kwamba chama kikivunjwa siku moja, kukijenga tena huchukua miaka. Sisi tulioandikisha chama chetu miaka 10 iliyopita tumejenga juu ya msingi huo, pamoja na nyufa zake.

Taifa lilijaribu pia kuirudisha nguo nyumbani. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na viwanda vingine vikajengwa, Mwanza na kwingineko. Lakini hata sasa sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya nchi hii husafirishwa nje katika marobota, nasi tukanunua shati kwa bei ambayo mkulima akiihesabu kwa kilo za pamba hupata kizunguzungu. Hatudai kwamba wanasesere wataliondoa tatizo hilo. Twasema tu kwamba, katika eneo la chama chetu, kikundi hiki ndicho peke yake kinachoichukua pamba yetu na kuitoa ikiwa kitu kilichokamilika.

MKEKA WA KILA MWEZI

Kikundi kilianza bila mtu kukianzisha. Katika msimu wa kwanza wa chama, foleni ya mizani ilikuwa ndefu, na akina mama waliokuja na mizigo walikaa chini ya mkwaju tangu asubuhi hadi jioni. Mama mmoja alikuwa na mtoto aliaye kwa njaa na uchovu. Alimwomba karani wa mizani ruhusa ya kuokota pamba fifi iliyodondoka sakafuni, akararua upindo wa kanga yake kuukuu, akafunga kichwa, akafunga mikono, akampa mtoto. Mtoto akanyamaza. Kesho yake mama wengine wawili wakamwomba awaonyeshe.

Wanasesere wale wa kwanza hawakudumu. Walijazwa pamba mbegu kama ilivyotoka shambani, na panya, ambao wazipenda mbegu za pamba kwa ajili ya mafuta yake, waliwatoboa wote katika muda wa mwezi mmoja. Ndipo wakajifunza kuichambua pamba kwa vidole, kuianika juani na kuichana kabla ya kuijaza. Macho waliyashona kwa uzi badala ya kutia vifungo, kwa sababu mtoto mdogo hung'oa kifungo akakimeza. Kila jambo kati ya hayo lilijulikana kwa hasara ya mtu fulani.

Kwa hiyo wakaweka desturi ambayo hata leo haijavunjwa. Mara moja kila mwezi hutandika mkeka chini ya mkwaju, na kila mmoja huweka juu yake kazi aliyoifanya. Si lazima iwe imekwisha. Yampasa aseme mambo matatu: ametumia nini, amekosea wapi, na akianza upya atabadili nini. Wengine huuliza, hugusa, hupindua wauone mshono wa ndani. Mwenye kuficha mfano wake hakatazwi kuja, lakini hujiona peke yake.

Juu ya mkeka huo tumeona mengi. Tumeona wanasesere waliovalishwa kama wachezaji wa bugobogobo, kila mmoja na jembe lake la kijiti, wamesimama mstari mmoja. Tumeona mzee wa kitambaa mwenye kofia na fimbo, ambaye watu wazima walimtambua wakajizuia kumtaja jina. Tumeona shuka la kitanda lililotengenezwa kwa magunia yaliyofumuliwa pindo na kutariziwa maua ya mpamba: jeupe siku ya kuchanua, kisha la waridi. Tumeona binti wa shule aliyeleta kazi mbovu miezi mitatu mfululizo, na mwezi wa nne mama zake wakamwomba yeye awafundishe.

Sasa tuseme lile ambalo ni gumu kwetu kulisema. Katika mwaka wa nne mfanyabiashara mmoja alikuja na gari, akasifu, akachukua mzigo mzima wa wanasesere na mashuka kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Hakurudi. Akina mama wakaja ofisini wakiomba chama kiwasaidie kudai. Tuliwauliza: mkataba uko wapi? Haukuwapo. Tukauliza: ni nani kati yenu aliye mwanachama, ili chama kiseme kwa niaba yake? Tukafungua daftari. Hatukukuta jina hata moja. Wanawake wale walilima, wakapalilia, wakachuma na kubeba pamba ile ambayo imetujengea ofisi. Lakini kitabu cha kila nyumba kilikuwa na jina la mume. Tuliandika katika kumbukumbu za kikao, kwa mkono wetu huu unaoandika sasa: "Mengineyo. Akina mama waliuliza habari ya deni lao. Hakuna neno."

Maneno hayo mawili ya mwisho yametusumbua kwa miaka sita. Halikuwa kweli kwamba hakuna neno. Neno lilikuwapo, nasi hatukutaka kulisikia.

Msimu mmoja baadaye, mmoja wa wanawake wale alifiwa na mumewe pamba ikiwa imekwisha kupimwa na malipo hayajatoka. Kitabu kilikuwa na jina la marehemu. Ndugu wa marehemu walidai, yeye naye akadai, na fedha zikakaa ofisini zikingoja amri ilhali watoto wakingoja sare za shule. Sare zile zilinunuliwa kwa fedha za mkeka. Kikundi ambacho hatukukiandika popote ndicho kilichofanya kazi ya ushirika, na sisi tuliokuwa na muhuri tukatazama.

JIBU LA SWALI LA MZEE

Basi, mzee wetu, twalijibu swali lako kwa heshima. Mwanasesere hana kilo. Ukimweka juu ya mizani yetu ya ghalani, mshale hautikisiki. Lakini mizani ile haikutengenezwa kupima kila kitu. Haikumpima mfumaji wa Sofala na uzi wake uliofumuliwa, wala mjane wa Alabama na mashati ya mumewe. Wala haikuwapima waanzilishi 28 wa Rochdale waliochekwa na majirani. Wala haimpimi mama aliyechuma pamba ile tunayoipima.

Wako wajumbe wanaosema kwamba magunia yatakosa mahali. Ni kweli, lazima yatafutiwe mahali. Banda la nyuma likiezekwa upya laweza kuyapokea. Wengine husema kwamba kikundi hakina haki ya kukaa bure katika jengo la wakulima. Hilo nalo ni kweli, na akina mama wenyewe wamelisema kabla ya wajumbe: wako tayari kulipa kodi ya chumba kutokana na fungu la mauzo yao. Wengine huogopa kwamba mke akiandikwa, nyumba itakuwa na sauti mbili. Twajibu kwamba nyumba ina mikono minne shambani, na hatujasikia mtu akilalamika juu ya wingi huo wakati wa palizi.

Kwa hiyo mkutano ujao utaombwa kuamua mambo mawili. Kwanza, ufunguo wa chumba. Pili, na hili ndilo kubwa, kila chama cha msingi kifungue daftari lake na kuwaalika wanawake wanaolima waandikwe kwa majina yao, walipe kiingilio na hisa kama mwanachama mwingine yeyote, na wapige kura. Ombi la kwanza likikataliwa, mkeka utaendelea kutandikwa chini ya mkwaju, maana umezoea. Ombi la pili likikataliwa, tutaendelea kujiita ushirika huku nusu ya washirika wetu wakisimama nje ya mlango.

Tukiruhusiwa kuongeza shauri moja, liwe hili: chumba kikipatikana, desturi ya mkeka isiachwe. Maagizo ya maduka yakija, na yapokewe. Lakini siku moja ya kila mwezi ibaki kwa kila mmoja kuleta alichokibuni mwenyewe na kusema alikosea wapi. Laiti sisi wa ofisini tungekuwa na mkeka kama huo tangu mwaka wa kwanza, kurasa hizi zingekuwa fupi.

Twawatakia wanachama wote miaka 10 mingine ya mvua za wakati, pamba safi na mizani ya haki. Na yule atakayepewa kazi ya kuandika sura hii katika kijitabu cha miaka 20, twamwombea afungue daftari akute humo majina ya mama zetu.